Nusu ya Sindano

Tepu ilisema ishirini na tano na nusu.

"Pima tena," alisema Mama Tepu.

Wifi yake, Kengele, akapima tena, kutoka begani kushuka hadi kwenye kilele cha titi la kushoto, kidole gumba kikibana mwisho wa tepu kama alivyofundishwa. "Ishirini na tano na nusu. Nirudie mara ya tatu au niandike tu kwamba uzee umeingia?"

"Uzee unaongeza namba, hauipunguzi. La kulia?"

"Ishirini na saba. Hilo halina ugomvi na mtu."

Mama Tepu alivuta daftari la vipimo kutoka chini ya meza ya kukatia. Wateja wake wote walikuwa humo, na yeye mwenyewe alikuwa ukurasa wa kwanza, maana blauzi zake alijishonea. Ishirini na saba kulia, ishirini na saba kushoto. Kwa miaka tisa namba hizo mbili zilikuwa zimekwenda sambamba kama reli. Titi la kulia alikuja nalo duniani. La kushoto liliondolewa pamoja na saratani iliyokuwa ndani yake, na mahali pake daktari akaweka kifuko cha silikoni chini ya ngozi. Alikiweka vizuri kiasi kwamba Mama Tepu, ambaye hakuwa na tabia ya kusifia kazi za watu, alimwambia siku ya kufunguliwa bendeji kwamba akichoka na hospitali aje dukani, atapewa cherehani.

Sasa upande ule ulikuwa umepungua sentimita moja na nusu. Kwa mtu mwingine hiyo si kitu. Kwa fundi nguo ni gauni linaloharibika.

"Labda tepu imevutika," Kengele alisema.

"Tepu nimenunua mwezi uliopita. Na ingevutika ingepunja pande zote mbili."

Hapo Kengele akaanza kucheka. Alianza polepole, kwa pua, halafu mabega yakaingia, halafu akakaa juu ya roli la kitambaa akajifuta macho kwa mkono wa blauzi ya mteja.

"Usicheke."

"Sicheki, wifi. Naogopa."

Na ilikuwa kweli. Watu wa ukoo ule walikuwa na ugonjwa usio na dawa: wakishikwa na hofu, wanacheka. Kaka yake Kengele, ndiye mume wa Mama Tepu, aliwahi kukatikiwa breki mlimani akiwa na gari la kazini limejaa makopo ya rangi, akacheka kutoka juu hadi chini, na polisi waliomkuta kwenye mtaro walimpima pombe mara mbili. Mama Tepu alikuwa ameolewa katika ukoo huo miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kuambukizwa.

"Basi ogopa huku unashona," alisema. "Rudi kwenye vifungo vyako."

Kengele aliacha kucheka mara moja, akarudi mlangoni.

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Kwa miaka sita kiti cha Kengele kilikuwa dirishani, kwenye mwanga, akishona shanga kwenye magauni ya maharusi, kazi ambayo hakuna mtu mwingine mtaani aliyeiweza. Sasa alikuwa na mwezi wa tatu akikaa kwenye stuli mlangoni, akishona vifungo vya sare za shule, kwa sababu ya nusu ya sindano.

Duka lile lilikuwa na sheria moja tu. Sindano zinahesabiwa asubuhi, zinahesabiwa jioni, na ikivunjika moja, nusu zote mbili zinaingia kwenye kopo la maziwa lililo juu ya rafu. Ilitungwa baada ya bibi harusi mmoja kukaa juu ya sindano mbele ya wageni mia mbili. Basi miezi mitatu iliyopita, siku gauni kubwa kuliko yote ya mwaka lilipokuwa likichukuliwa, sindano moja ya shanga ilivunjika. Nusu yenye tundu ilionekana sakafuni. Nusu yenye ncha haikuonekana. Mama Tepu alizuia gauni saa tatu nzima. Alipitisha sumaku kwenye kila pindo, chini ya zulia, ndani ya soksi za Kengele na kwenye nywele za Kengele. Bibi harusi alikuwa analia. Mwisho Mama Tepu akasema maneno ambayo hakuyarudisha: "Wewe ndiye uliyekuwa unashona shanga. Hutakaa dirishani mpaka hiyo nusu ionekane."

Na haikuonekana.

*

Mume wa Mama Tepu alikuwa fundi rangi, mtu mrefu mwenye madoa meupe kwenye nyusi ambayo hayakutoka hata kwa mafuta ya taa. Alipoambiwa habari ya sentimita moja na nusu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Kile kitu kimerudi?" aliuliza.

"Sijui. Kesho naenda hospitali."

"Tunaenda," alisema, na mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni.

"Ukicheka nakuacha nyumbani."

Alitoka uani. Mama Tepu alimsikia huko nyuma ya tangi la maji, akicheka peke yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na kwa kuwa alimjua, aliosha vyombo bila kumwita.

Hospitali walikwenda watatu, maana Kengele alifunga duka bila kuomba ruhusa. Daktari alikuwa mzee mpole aliyepaka jeli baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi huku na huku, akiinamia skrini ndogo kama kiganja.

"Naona kivuli," alisema.

"Kivuli cha nini?"

"Ndiyo tunachotaka kujua, mama. Kifuko kinaweza kuwa kimepasuka. Silikoni ni nzito, haimwagiki kama maji, kwa hiyo mtu anaweza kukaa nacho miezi bila kuhisi kitu, ila umbo linabadilika. Au…"

Hakumaliza. Mume wake alitoa sauti kama puto linalotoa hewa. Kengele akadakia. Wakatoka nje wote wawili wakishikana mikono, na mlango ulipofungwa kicheko kikaendelea kusikika ukumbini, kikiambatana na sauti ya muuguzi akiuliza kama kuna kitu wamekula.

"Wana shida gani?" daktari aliuliza.

"Wanaogopa. Endelea na hiyo 'au'."

"Au ni ugonjwa kurudi pembeni ya kifuko. Mashine yangu ni ya zamani, sitaki kukudanganya. Nenda ukafanye MRI. Ni mashine ya sumaku, inaonyesha kifuko tabaka kwa tabaka. Hiyo itasema."

Bei yake ilikuwa sawasawa na pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani ya kudarizi. Mama Tepu hakulalamika. Alichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi. Kwa siku nne zilizofuata alishona sana, alikata vizuri, na alimgombeza kila aliyemkaribia. Neno lile "au" lilikuwa limekaa naye mezani kama mgeni asiyeaga. Siku ya nne alimkuta Kengele amelala juu ya stuli na kifungo mdomoni, na hakumwamsha. Kengele alipozinduka mwenyewe akajua kwamba mambo ni mabaya kweli.

*

Kituo cha vipimo kilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba mume wa Mama Tepu aliingia akinyata, akidhani rangi haijakauka. Viti vilijaa. Dada wa mapokezi alisoma karatasi, akainua kichwa, akatangaza kwa sauti ya kuuza samaki:

"Nani hapa ana titi la bandia?"

Watu kumi na wanne waliangalia juu. Mzee mmoja aliangalia kifua chake mwenyewe.

"Mimi," Mama Tepu alisema akisimama. "La kushoto. La kulia ni langu tangu zamani. Kuna mwingine hapa anayetaka kujua, au nikae?"

Dada wa mapokezi alishusha sauti. "Samahani, mama. Pita pale kwa binti wa picha."

Binti wa picha alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira na fomu ndefu. Aliuliza maswali bila kuinua macho. Una betri ya moyo? Hapana. Vyuma vya mifupa? Hapana. Umewahi kupigwa risasi?

"Bado."

"Kazi yako?"

"Fundi nguo."

Kalamu ikasimama. Binti aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Basi tutachelewa," alisema.

Akaeleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyewahi kuona. Ile mashine iliyo nyuma ya mlango ule ni sumaku yenye nguvu kuliko kitu chochote ambacho mama amekishika. Haizimwi usiku wala mchana. Pini ndogo ikiingia nayo chumbani inaruka kama risasi. Kwa hiyo kila kitu kinatoka hapa nje.

"Naijua sumaku," Mama Tepu alisema. "Ninayo ya kuokotea pini sakafuni."

"Hii nayo ingekuokota wewe."

Akaingia nyuma ya pazia na Kengele. Kila aliyewahi kushona nguo anajua kilichotokea. Kola ilikuwa na pini mbili. Pindo la mkono wa kulia lilikuwa na moja, mfuko ulikuwa na nne na kipande cha chaki. Kifuani upande wa kushoto, juu ya blauzi, zilipangwa sindano tatu zenye uzi wa rangi tofauti, kwa sababu hapo ndipo Mama Tepu alipozichoma siku zote akiwa na kazi mikononi. Kengele alizihesabu kwa sauti, akiziweka kwenye kisahani cha bati.

"Tisa. Kumi. Wifi, wewe si mtu, wewe ni nungunungu."

"Hesabu kimya."

"Sheria ni kuhesabu kwa sauti. Umeitunga wewe. Kumi na moja, hii ilikuwa kwenye sidiria. Kumi na mbili, hii kwenye nywele. Hivi unalalaje?"

Kutoka upande wa pili wa pazia mume wake alijibu, "Analala vizuri. Mimi ndiye ninayelala kwa uangalifu," kisha akaanza kucheka, na huyo binti wa picha naye akakohoa kwa namna ya kutia shaka.

Akavaa gauni la hospitali. Aliligeuza, akaangalia mshono. "Nani ameshona hii takataka? Mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake."

"Mama, tafadhali, simama hapa," binti alisema. Alikuwa na kifaa cha mkononi, kama kile cha walinzi wa benki. Alikipitisha kwenye miguu: kimya. Kiunoni: kimya. Kwenye kifua kikalia.

"Bado una pini."

"Sina. Nimevaa gauni lenu."

"Labda kwenye nywele."

Kengele alifumua msuko mzima, mistari kumi na sita, akipekua kwa vidole. Kifaa kikapita juu ya kichwa: kimya. Kikashuka kifuani: kikalia. Wakabadilisha gauni, wakidhani pengine ni mshono. Jipya lilikuwa na mikono mifupi yote miwili. Kikalia. Binti akavua hata saa yake mwenyewe. Kikalia.

Kufikia hapo mume wake alikuwa chini. Si kuzimia, miguu ilikuwa imekataa kazi, naye alikaa sakafuni ameegemea ukuta, machozi yakimtoka, akirudia, "Anapiga king'ora. Mke wangu anapiga king'ora." Kengele alishikilia pazia likang'oka kulabu tatu. Mzee aliyeangalia kifua chake alikuwa amesogea karibu kuona, na watu wawili nyuma yake walikuwa wanacheka bila kujua sababu.

Mama Tepu alisimama katikati yao, nywele zimesimama pande zote, na hakucheka. Alikuwa anamwangalia binti. Binti alikuwa ameacha kutabasamu. Alikisogeza kifaa taratibu, kushoto, kulia, juu, chini, na kila mara kililia mahali pale pale.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hicho chuma hakiko kwenye nguo. Kiko ndani yako."

*

Wakampeleka eksirei. Ilichukua dakika mbili. Daktari wa picha, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliiweka picha kwenye skrini kubwa na kuwaita wote, kwa sababu alisema hajawahi kuona kitu kama hiki na hakutaka kukiangalia peke yake.

Mbavu zilikuwa za kijivu, kifuko kilikuwa wingu jeupe. Ndani ya wingu, ukiwa umelala mshazari, palikuwa na mstari mmoja mwembamba, mweupe kabisa, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Hiyo ni sindano," daktari alisema.

"Ni sindano ya shanga, namba kumi," Mama Tepu alisema. "Nusu yenye ncha."

Halafu akasikia alichokisema.

Hata ukoo ule wa kucheka ulinyamaza. Mama Tepu aliiona siku ile yote kwa mara moja: bibi harusi ametoka nyuma ya pazia, amejiona kwenye kioo ndani ya gauni, amepiga kelele ya furaha na kumrukia fundi wake shingoni, akamkumbatia kwa nguvu zote za miaka ishirini na minne. Na yeye alikuwa amemwomba Kengele ile sindano dakika moja kabla, arekebishe shanga moja begani, na akiwa anasubiri aliichoma mahali anapochoma siku zote. Titi la kushoto halikuwa na hisia tangu upasuaji. Unaweza kulikanda kama unga. Baadaye aliona tone la damu kwenye blauzi, akadhani ni la kidole.

Alikuwa amepitisha sumaku kwa kila kitu na kila mtu ndani ya duka lile, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Wifi," Kengele alisema.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

"Nataka kusema kwamba ulinipekua soksi."

Daktari aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Mkimaliza," alisema, "tuzungumze habari ya huyu mgonjwa. MRI hatufanyi. Ile sumaku ingeivuta hii sindano ikiwa ndani ya mwili wako, na sitaki hata kufikiria. Lakini nina ultrasaundi nzuri kuliko ya wenzangu, na sasa najua pa kutazama. Lala."

Jeli baridi tena. Skrini hii ilikuwa kubwa kama dirisha. Mume wa Mama Tepu alimshika mkewe mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Ile "au" ilikuwa bado chumbani, imesimama nyuma ya daktari, inasubiri.

Kwenye skrini kulikuwa na weusi, na ndani ya weusi mistari myeupe iliyopinda, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi iliyolegea.

"Mnaona hii mistari?" daktari alisema. "Hii ni…"

"Bitana," alisema Mama Tepu.

"Unasemaje?"

Alijiinua kwa kiwiko. "Hiyo ni bitana iliyochanika. Koti likiachia mshono ndani, bitana inashuka, inajikunja kwenye pindo, mkunjo juu ya mkunjo. Ukilikata kwa upande ndivyo linavyoonekana. Kile kifuko ndicho koti. Hiyo mistari ni ganda lake, limepasuka, limejikunja humo humo ndani kwenye silikoni."

Daktari alivua miwani ikaning'inia. "Nilisoma miaka kumi na mbili ili niseme hivyo," alisema. "Ndiyo. Sindano ilitoboa, ganda likachanika polepole, likajikunja. Silikoni yenyewe haijaenda mbali."

"Na kivuli?"

"Hiki hapa. Mwili umetengeneza kovu kuizunguka sindano. Nimelitazama kila upande, na kwapani nako nimetazama. Kila kinachotolewa kitapelekwa maabara kama kawaida, hilo ni lazima. Lakini umeniuliza ninachokiona, na mimi sioni uvimbe. Naona kifuko kilichopasuka."

"Kimepasuka," alisema Mama Tepu.

"Kimepasuka."

"Ni hivyo tu, kimepasuka."

"Kimepasuka, mama."

Kilianzia tumboni. Alidhani ni kwikwi. Akafunga mdomo, kikapanda kwenye pua, na jeli ikatikisika, na mistari kwenye skrini ikaanza kucheza ngoma, na daktari akasema tafadhali usitikisike, na hilo ndilo lililommaliza. Mama Tepu alicheka. Alicheka kicheko kikubwa, kibaya, chenye mikwaruzo, kicheko cha mtu asiye na mazoezi, na mume wake akamtazama kwa mshangao kana kwamba ndio kwanza wanajuana.

"Ameshikwa," Kengele alisema kwa heshima. "Miaka ishirini na mbili. Hatimaye ameshikwa."

Mama Tepu alitoka kwenye chumba kile amejifunga gauni la mikono mifupi, nywele zimesimama, akiwapungia mkono waliokaa ukumbini. "Kimepasuka," aliwaambia.

"Pole sana, mama," alisema mzee aliyeangalia kifua chake.

"Pole ya nini? Nimefurahi mpaka miguu imelegea." Kisha akaenda moja kwa moja mapokezi kudai pesa ya MRI, kwa sababu hakuwa ameingia ndani ya mashine yao, hata kidole. Alirudishiwa, ikakatwa ya eksirei na ya ultrasaundi. Alihakikisha kwamba pazia lililong'oka halimo kwenye makato.

*

Wiki iliyofuata walikitoa kifuko, na maabara ikajibu kwa mstari mmoja: hakuna saratani. Daktari wa upasuaji alimuuliza kama anataka kipya. Mama Tepu alisema atafikiria, akafikiria kutoka kitandani hadi mlangoni, akasema hapana. Kifua kimeshonwa mara mbili, mara ya tatu kitambaa kinachoka. Hilo pengo atalijaza mwenyewe.

Alirudi dukani na kichupa cha plastiki. Kengele alikuwa mlangoni, na kifungo cha sare mkononi, uso umekaa kimya kama mtu anayesubiri mshahara. Mume wake alikuwa amekuja kupaka dirisha rangi, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote, ila hakutaka kukosa.

Mama Tepu alishusha kopo la maziwa. Akatoa nusu yenye tundu, akaiweka kwenye meza ya kukatia. Akafungua kichupa, akatoa nusu yenye ncha. Akazisogeza kwa ukucha mpaka zikagusana. Sindano ilikuwa nzima.

"Ilikuwa kwangu," alisema. "Nilikupekua, nikakuaibisha mbele ya wateja, nikakuondoa kwenye kiti chako miezi mitatu, na muda wote ilikuwa kwangu. Nilikosea."

"Sikusikia," alisema Kengele.

"Umesikia."

"Kaka, wewe umesikia?"

"Brashi inapiga kelele," alisema mume wake bila kugeuka. "Sijasikia."

"Nilikosea," alisema Mama Tepu kwa sauti iliyovuka barabara. Muuza vocha ng'ambo aliinua mkono kuashiria kwamba yeye amesikia.

Kengele aliondoka kwenye stuli. Alipita katikati ya duka bila haraka, kama bibi harusi, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akanyoosha miguu kwenye mwanga. Akaangalia sahani ya shanga. "Nani alizichanganya hizi?" aliuliza. "Kweli duka hili lilikuwa halina mtu."

Mchana ule Mama Tepu akajikatia kijimto. Alitumia pamba laini nje, bitana mbili ndani, na pumba za mbao katikati zilizoshindiliwa barabara, pamoja na kokoto tatu za kukipa uzito. Alikiweka kwenye sidiria, upande wa kushoto, akavaa blauzi.

"Pima," alisema.

Kengele alipima. "Ishirini na saba."

"Kulia?"

"Ishirini na saba."

Mama Tepu aliandika ukurasa wa kwanza, akafunga daftari.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mteja mpya, mama mmoja wa heshima zake, na kitambaa cheupe mikononi. Binti yake anaolewa, alisema. Ameambiwa hapa ndipo penye mikono. Mama Tepu alikuwa amemsimamia Kengele begani, akiangalia shanga, na Kengele alikuwa na gauni mapajani, uzi mdomoni, mikono yote miwili imejaa, sindano hana pa kuiweka.

Bila kuinua macho, Kengele aliinua mkono, akaichoma sindano mpaka katikati kwenye titi la kushoto la wifi yake.

Mama Tepu hakupepesa jicho. "Karibu, mama," alimwambia mteja. "Harusi ni lini?"

Kitambaa cheupe kilianguka sakafuni. Yule mama alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia sindano iliyosimama pale ikitikisika kidogo na uzi wake mwekundu, akashika kiti kilichokuwa nyuma yake na kukaa bila kukitazama. Dirishani brashi ya rangi ilianza kutetemeka. Kengele alikuwa ameinamia shanga, mabega yanapanda na kushuka.

"Usiogope, mama," alisema Mama Tepu, na alikuwa akitaka kueleza vizuri, kwa utaratibu, lakini kwikwi ile ilikwisha kuanza tumboni. "Tunazihesabu jioni."